Spa ya Nyarugusu na Wanaume Wasiooga

Migongo niliyoikanda mimi ukiipanga mstari itatoka hapa Nyarugusu mpaka Kahama na kurudi, na anayebisha aje alale kitandani kwangu nimjibu kwa vidole. Shule niliishia darasa la pili kule Ushetu, tumbaku ya baba ilipotaka mikono ya kuivuna. Kusoma nasoma, ila polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwili wa mtu ndio naujua. Mwenyewe hajafungua mdomo, mimi nimeshamwambia bega lipi analolilalia na gunia la mawe hubeba upande gani. Wanadhani nina dawa. Sina dawa, nina vidole.

Kazi alinifundisha mama mkwe, aliyekuwa akiwakanda wanawake waliojifungua. Mimi nikaipeleka kwa wachimbaji, kwa sababu anayeshinda amejikunja kwenye duara, lile shimo lao la dhahabu, akitoka huko anatembea kama mzazi wa jana. Kwa kazi hiyo nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nimezika mume kwa heshima na watoto wote wamesoma. Kisha watoto wakaondoka, kila mmoja na mji wake, nikabaki na vyumba vinavyoitika ninapokohoa.

Basi mwaka huu binti yangu wa mwisho akaja likizo kutoka Mwanza, ambako alikuwa anafanya kazi kwenye spa ya hoteli. Akasimama katikati ya chumba changu cha kukandia, akageuka huku na huku, akasema hapa panafaa spa. Nikamuuliza spa ni mnyama gani. Akanieleza: watu wanasuguliwa ngozi kwa sukari na mafuta, wanaloweshwa miguu, wanakalishwa kwenye mvuke wa majani, wanapakwa udongo usoni na kuwekewa vipande vya tango machoni. Nikamwambia sisi tango tunakula.

Hakucheka. Akakaa kwenye kona ya kitanda na kunieleza yaliyomleta. Hoteli inataka kumhamishia tawi la Dar es Salaam, na Jumatatu wanataka jibu.

"Mama, nikiona hapa pana kazi ya kunitosha, nabaki. Nisipoiona, naenda Dar, na usije ukanililia kwenye simu."

Nilimjibu kavu kwamba aende hata Ulaya, mimi sijawahi kumlilia mtu. Halafu nikachukua kikapu, nikaenda sokoni kununua matango.

Wiki hiyo sikumbuki kama nililala. Nyumba iligeuka ya harusi. Turubai la kuanikia mpunga tukalifanya hema la mvuke, na chungu cha mchaichai na majani ya mwarobaini kikatokota chini yake mpaka majirani wakaja na vikombe wakidhani ni chai. Mapazia yakafuliwa. Beseni za kulowekea miguu zikasuguliwa kwa mchanga. Binti akasema lazima afanye majaribio kwa mtu, na mtu mwenyewe nikawa mimi. Akanishika kisigino na jiwe la kusugulia. Sasa kisigino changu hakijawahi kuguswa na mtu tangu nilipozaliwa, nacho kumbe kina mtekenyo. Nilicheka nikapiga teke beseni, maji yakamwagika mpaka sebuleni, naye akacheka akakalia maji. Tulikaa pale chini wote wawili tumelowa kama bata. Nikajisemea, huyu haendi Dar, labda nife.

Wageni wa ufunguzi niliwachagua mwenyewe. Binti alitaka wanawake wa mjini, wenye maduka, nikamwambia aniachie mimi, hapa napajua. Nilichagua kikosi cha duara moja ambacho nimekikanda miaka na miaka, tena nilikuwa nimesikia duara lao limeanza kutoa mawe yenye mali. Nikafikiri: watu wenye furaha, miili imechoka, spa ni bure siku ya kwanza, nani atakataa? Nikatuma salamu, nao wakajibu watakuja Jumamosi asubuhi.

Na kweli walikuja wote, na msimamizi wao mbele, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya taratibu. Waliamkia shikamoo mmoja mmoja, wakakaa kwenye benchi. Walikuwa wamejaa vumbi kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, rangi moja kama wamefinyangwa. Binti yangu akatoka na sare yake nyeupe, akapiga goti, akaweka beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya wa kwanza. Yule akapandisha miguu juu ya benchi kama kuku aliyeona mvua. Akalisogeza kwa wa pili. Naye miguu juu. Lilipofika mwisho wa benchi hapakuwa na mguu hata mmoja uliogusa sakafu.

Hapo ndipo akili iliponirudi. Mimi, niliyezeekea machimboni, nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa hapa anakijua. Wachimbaji wa hapa wengi wao, duara likianza kutoa, hawaogi. Vumbi ulilopanda nalo unalala nalo, mpaka mawe yafike kwenye karasha yakasagwe. Ukijisugua, umeifukuza mali kwa mkono wako mwenyewe. Na mimi kwa furaha yangu nilikuwa nimechagua wanaume wa mwisho kabisa katika wilaya nzima wa kuwaalika wakasuguliwe ngozi.

Msimamizi akakohoa. Akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, tumekuja kwa heshima yako, hatukutaka kukukatalia kwa kutuma mtu. Ila maji, hapana."

Mcheshi wao mmoja akamgeukia binti: "Dada, mke wangu huu ni mwezi ananivumilia hivi hivi. Wewe umenijua leo tu, haraka ya nini?"

Wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alinyanyua beseni, akalipeleka jikoni, na nilipomfuata huko nilimkuta anafungua vifungo vya ile sare. Akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionikata, kwamba nisijali, ameshaona, huku spa haina watu. Nikamwambia afunge vifungo, mwanamke havui nguo ya kazi wageni wakiwa bado kwenye benchi. Nikatoka nikasimama mbele ya wale wanaume, mikono kiunoni.

"Mmekatazwa kuoshwa," nikasema. "Mmekatazwa kupakwa?"

Wakatazamana. Msimamizi akauliza kupakwa nini. Tope, nikasema. Tope la wapi? Binti, aliyekuwa ametokea mlangoni, akaanza kusema la pakiti, la kutoka Mwanza, nikamkanyaga dole gumba.

"La duara lenu wenyewe."

 Halafu kikaanza kikao ambacho sijawahi kuona mfano wake, hata kwenye kuhesabu ng'ombe wa mahari. Mmoja akasema udongo ukitoka duarani bahati imetoka nao. Mwenzake akasema hautoki, unahamia kwenye nyuso za wenyewe. Wa tatu akauliza je, kama bahati iko kwenye vumbi, mtu akiongezewa vumbi si ameongezewa bahati? Hilo liliwatikisa. Msimamizi alijikuna kidevu muda mrefu, akaamua kwamba kupakwa hakujakatazwa, wazee waliopanga miiko hawakufikiria jambo hilo. Mara mmoja akarukia pikipiki kwenda kuleta udongo.

Binti yangu akamfuata mpaka barabarani na kumpa masharti. Achukue wa ukutani, juu kabisa, ambao haujachanganywa na kitu. Asithubutu kuleta tope la mahali wanapooshea dhahabu, kwa sababu pale pana zebaki, na zebaki usoni ni hospitali, siyo spa. Alisema kwa ukali mpaka yule kijana akamwitikia "ndiyo, mama," na mimi kifua kikanijaa. Udongo ulipofika akauchekecha kwa kitambaa, akaukaanga kwenye sufuria kavu, akauacha upoe. Kisha akachukua jagi la maji aukoroge, benchi zima likanyanyuka.

Maji tena. Nikamnyang'anya jagi, nikamletea kibuyu cha maziwa ya mgando na asali ya kwetu Ushetu. Wote wakamtazama msimamizi.

"Maziwa si maji," akaamua. "Endelea, binti yangu."

Basi tukawalaza kwenye mikeka, maana kitanda ni kimoja. Mimi nikapita na mgongo baada ya mgongo, nikikanda juu ya vumbi lao hivyo hivyo, kavu, huku binti akifuata upande wa nyuso, anapaka kwa vidole vitatu, taratibu, kama anayepaka siagi mkate wa mgeni. Wanaume ambao baruti ikilipuka hawapepesi macho walikuwa wanacheka wakiguswa shavu. Alipofika kwenye matango, mcheshi alikula la kwake akaomba chumvi. Akapewa jingine, akaonywa. Baada ya muda chumba kikanyamaza, kisha mmoja akaanza kukoroma, wakafuatana kama vyura wa bwawani.

Sasa mama ntilie anayewapikia kikosi hicho alikuwa anawatafuta, chakula kinapoa. Akaambiwa wako kwangu. Akasukuma pazia, akaona wanaume anaowalisha kila siku wamelala mstari, nyuso za kijivu, macho ya kijani, hawatikisiki.  Akadhani duara limetitia na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwatengeneza maiti. Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi ya kuanza kilio, na maiti ya tatu kutoka mlangoni ikamuuliza maharage ya leo yameungwa kwa nazi au kwa karanga.

Mwanamke yule alikaa chini palepale. Alicheka mpaka kanga ikamfunguka, akawa anaishika kwa mkono mmoja na mwingine unapiga sakafu. Mimi nikashika ukuta. Binti yangu alikuwa amejifunika uso kwa taulo, mabega yanaruka, na wale maiti wakawa wanagombezana wasicheke, tope litapasuka.

Tope halikuoshwa, ndiyo. Lilikauka nao. Waliondoka nalo usoni, wakapita katikati ya soko wakiwa wamenyooka kama askari wa gwaride, maana migongo ilikuwa imelainika, na watu wakaacha biashara zao wakawafuata mpaka duarani kuuliza kuna nini. Wakajibiwa ni spa. Mcheshi alisema ngozi yake sasa ni ya bibi harusi na anayetaka kuigusa apange foleni.

Mchana mama ntilie akarudi na wenzake. Wakasema wao hawana duara, waoshwe mpaka mfupa. Hapo ndipo beseni zikapata kazi. Miguu inayosimama jikoni kutwa ikalowekwa, mvuke ukafumuka, sukari ikaisha tukaazima kwa jirani, naye jirani akaja na sukari yake na miguu yake. Jumapili walikuja waliotoka kanisani na nguo zao nzuri, na wanawake wawili wenye maduka wakaja kwa bodaboda kutoka mbali, mmoja Segese, wamevaa mabaibui, wakataka mlango ufungwe na pazia la pili liwekwe. Likawekwa. Binti yangu alikuwa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu akiwa na meno ya utotoni.

Kama lile duara lilitoa mali nyingi zaidi baada ya hapo, sijui. Wachimbaji hawasemi, ukiwauliza wanakwambia njaa tu.

Jumatatu alfajiri binti akapiga simu Mwanza akiwa jikoni. Mimi nilikuwa nachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri bila msaada wangu. Nilimsikia anashukuru, anasema hapana, anashukuru tena. Alipokata hakunitazama. Akagonga ukuta wa jiko kwa kifundo cha kidole, akasema huu unavunjwa, anataka chumba cha pili hapa.

Nikamwambia ukuta huo niliujenga kwa mikono yangu na hauvunjwi na mtu aliyekuja juzi. Akasema basi atapikia nje, jiko lote litakuwa la mvuke. Nikamuuliza chakula nitakula cha nani. Akasema cha mama ntilie, tena anapika vizuri kuliko mimi. Hapo nikainuka kabisa. Tukabishana kuhusu ukuta, tukahamia dirisha, tukafika mpaka kwenye paa, kila mmoja anapaza sauti kumzidi mwenzake, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna ugomvi gani humu. Nikamjibu hakuna. Chai ilikuwa imepoa. Tukaipasha moto, tukaendelea.