Mtu Aliyenisaidia Kuosha Gari la Akida

Mnyororo wa shingo wa mume wangu niliukuta chini, umefunguliwa, na askari wa boma anatafuna muwa pembeni yake. Akaniambia, "Rudi nyumbani, bibi. Hapa huna mtu." Mikono yangu ilikuwa bado imekunjamana kwa maji ya kuoshea gari la Akida.

Wako watu hapa Mohoro wanaosema nilichanganyikiwa kwa njaa ya vita. Njaa ilikuwapo, sikatai. Lakini njaa huosha gari? Nisikilize kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa la magurudumu mawili, la kukokotwa na watu, jeusi lenye mistari ya manjano, rangi yake inang'aa hata unajiona uso. Wajerumani walimpa Akida Sefu kwa uhodari wake wa kutuchapa mashambani kwenye pamba. Mume wangu, Mkumba, alikamatwa kwa kunywa dawa ya maji, ile tuliyoambiwa itageuza risasi kuwa maji. Hakurusha hata mshale. Akafungwa bomani pamoja na watu wa milimani.

Siku moja Akida akanijia. "Bwana Mkubwa anafika alasiri. Nioshee gari. Liking'aa bila mkwaruzo, leo Mkumba analala kwako. Likikwaruzika, usiniulize habari zake."

Wewe ungekataa?

Msimamizi wake, Faraji, akalisukuma hadi uani kwangu. Akaniletea maji ya mto, na mto ulikuwa umejaa, maji mazito kama uji. Akaniachia majivu na makumbi ya nazi. "Sugua kama sufuria," akasema, akaenda zake. Nami nilijua nini? Maisha yangu yote nimesugua vyungu. Nikasugua. Mara naona ubavuni mstari mweupe, mwembamba, kama ukucha umepita. Nikaupangusa kwa kidole, haukufutika.

"Shemeji, utalichubua."

Nikageuka. Jua la utosi, mtu kasimama penye ua, shuka kiunoni, meno ya mbele yamechongwa kama ya Wamatumbi wengi wa milimani. Simjui. Shemeji kwa nani? Lakini sauti yake ilikuwa ya upole, nikamwacha aingie.

"Majivu hayo tupa. Maji nayo yana mchanga, yaache mtungini yatulie, uteke ya juu tu. Na gari tulitoe juani, rangi ikiwa ya moto hushika madoa."

Tukalivuta chini ya upenu. Akaniambia nimwagie maji matupu kwanza, vumbi lichuruzike lenyewe kabla kitambaa hakijagusa. Kisha nianze juu nishuke, kwa kitambaa laini, nikikisuuza kila mara. Magurudumu mwisho, tena kwa kitambaa kingine, maana ndiyo yanayobeba mchanga. Halafu nikaushe, nisiache matone yajikaukie. Ule mkwaruzo aliupaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, polepole, hata mimi niliyeufanya nikautafuta nisiuone.

"Umejifunza wapi haya?"

"Tulilikokota sisi. Mgongo wangu ndio uliosoma," akasema, akacheka kidogo.

Nikachukua kata nimmiminie maji anawe. Wallahi, nisadiki: maji hayakumshika. Yalimteleza mikononi kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi, mikono ikabaki mikavu, na vumbi lake juu. Akaitazama.

"Tangu siku ile maji yananikataa," akasema. "Nami nina kiu, shemeji."

Nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Usiogope. Mumeo kanituma. Tulitolewa pamoja Ijumaa, kabla ya jua kutoka. Usimngoje tena. Kaa eda."

Nikajifunika uso kwa kanga. Nilipoufunua, uani nilikuwa peke yangu na gari linang'aa.

Akida akaja, akalizunguka, akatabasamu, akapanda. Faraji akanipigia kelele, "Kimbia, kachukue mumeo!" Nami nikakimbia. Unajua nilichokikuta. Nikamuuliza askari: na yule Mmatumbi wa meno yaliyochongwa? "Alitolewa Ijumaa pamoja na mumeo," akasema. Wakapelekwa wapi? Akatema makapi. "Muulize Akida."

Basi siku Akida ananiahidi, Mkumba hakuwamo bomani, na yeye alijua. Nilipomfuata akasema, "Kapelekwa Kilwa kazini. Ngoja." Shehe naye akasema mwanamke hakai eda kwa neno la mtu asiyejulikana, lete shahidi. Wajerumani wakatawala hata wakaondoka, mimi ningali mke wa mtu nisiyeweza kumsomea hitima. Walionitaka wakachoka. Kila adhuhuri naweka bakuli la maji yaliyotulia chini ya upenu. Jioni nalikuta vilevile.

Wewe unayesoma, mkubwa akikuahidi mtu wako, usishike kazi yake mpaka umemwona mtu huyo kwa macho yako, anapumua.

Sefu yuko Bungu leo, ana mikorosho, anaswalisha watu. Faraji yuko Mbwera, anaozesha mabinti zake. Sefu, Faraji, sitaki mchapwe, sitaki mashamba yenu. Njooni Mohoro, msimame mbele ya shehe, mnijibu: Mkumba alikufa siku gani, na mlimfukia wapi?