Mgeni wa Harusi Asiyeruhusiwa Kushika Sufuria

Saa kumi na mbili asubuhi, jikoni mwa shule ya chekechea mjini Drochia, Moldova, Profira Ciobotaru anamenya viazi huku macho yake yakiwa kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi.

"Utatumenyea kidole, watoto wakute nyama kwenye supu," anasema Agripina, mpishi mwenzake.

"Wacha kelele. Walisema jibu litatoka wiki hii."

Jibu analolingoja ni la viza. Jumamosi ya wiki ijayo binti yake Ilinca, muuguzi mwenye miaka ishirini na sita, anaolewa. Walioalikwa ni mia na themanini. Asiye na uhakika wa kufika ni mmoja, naye yuko Negombo, Sri Lanka. Anaitwa Sriyani, ana miaka sitini na mmoja, na Ilinca hajawahi kumwona ana kwa ana.

Profira ana miaka hamsini na saba. Anapikia watoto mia moja na arobaini kwa mshahara wa lei elfu saba kwa mwezi. Kabla ya hapo alikaa Padova, Italia, miaka tisa akimtunza bibi kizee, kama akina mama wengi wa mtaa wake. Sriyani alimtunza mzee wa ghorofa ya juu, katika jengo hilohilo. Walizungumza Kiitaliano cha jikoni, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Mwaka wa sita Profira aliteleza kwenye ngazi akavunjika mfupa wa paja. Katika kazi ile, ukilala leo, kesho kitanda chako kina mwingine. Sriyani hakukubali. Miezi minne alihudumia ghorofa zote mbili, akipanda na kushuka, na mshahara wa ghorofa ya chini akampelekea Profira kitandani, wote.

"Nilimwambia achukue nusu," Profira anasema. "Akaniuliza, 'Kwani binti yako anasoma nusu?' Nilikula wali alioniletea, nikalia."

Ndiyo maana Ilinca alipochumbiwa alitoa sharti moja tu: bila Sriyani, haingii kanisani.

Barua ya mwaliko ya kuombea viza aliiandika Profira mwenyewe, kwa kalamu nzuri. Na hapo ndipo alipoharibu.

Huku Drochia wageni wa harusi ni wa namna mbili. Wa mbali huja Jumamosi, hula, hucheza, huondoka. Wa karibu huja Jumatano na aproni zao. Hukaa siku tatu wakiviringisha sarmale, majani ya kabichi yenye wali na nyama ndani, ndogo kama kidole cha mwisho, maelfu kwa maelfu, huku wakiuchambua ukoo wa bwana harusi. Kuitwa jikoni ndiyo heshima yenyewe. Dada asiyeitwa hununa mpaka kaburini.

Basi Profira aliandika hivi: "Sriyani atafika Jumatano na kufanya kazi nasi jikoni siku tatu, kama dada yangu." Neno dada akalipigia mstari.

Viza ya utalii ikakataliwa. Sababu iliyotolewa: mwombaji anakusudia kufanya kazi.

"Nilidhani wamechanganya faili," anasema. "Nani anavuka bahari aje kuajiriwa na kabichi?"

Aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi kwenda mji mkuu, Chișinău. Kwenye dirisha la viza alimkuta binti mmoja mwenye macho ya usingizi. Akamwekea barua pamoja na maneno makali.

Binti alisoma, akacheka, kisha akajizuia.

"Shangazi, kwetu pia mama zangu wadogo huja Jumatano. Nimekulia chini ya meza hiyo. Lakini aliyesoma hapa hakuona harusi. Ameona 'kufanya kazi siku tatu.'"

"Sasa niandikeje?"

"Andika anakuja kama mgeni. Ataketi, atakula, atatembea kidogo, atarudi kwao. Na utie saini kwamba hatafanya kazi yoyote."

"Aketi? Sriyani? Kama mke wa meya?"

"Kama mke wa meya, shangazi. Ukitaka aje."

Profira alitoka bila kusaini. Alikaa kwenye benchi la barabarani karibu saa nzima. Kwake, kuandika maneno yale ilikuwa sawa na kumfungia dada mlango wa jikoni. Mwishowe alimpigia Sriyani simu, amwombe radhi kabla hajamtukana kwa maandishi.

"Nilidhani nimemuumiza," anasema. "Halafu akasema, 'Profira, nimeanza kuosha vyombo vya watu nina miaka kumi na miwili. Hakuna karatasi iliyowahi kuniambia niketi. Andika.'"

Akarudi dirishani, akaandika, akasaini. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Saa nne na nusu, supu ikiwa inapakuliwa, simu inalia. Ni picha kutoka Negombo: viza, na juu yake kidole gumba cha Sriyani kimeziba nusu ya sura yake iliyochapishwa humo.

Profira anakaa kwenye gunia la viazi na kujifuta uso kwa aproni. Ukumbini watoto wanagonga vijiko mezani. Agripina anachukua upawa bila kuambiwa, anaendelea kupakua.

Sriyani atafika Jumatano, siku wanawake wanapoanza kuviringisha. Profira amekwishapanga. Atatoa sebuleni kiti cha mikono cha marehemu mumewe, akiweke katikati ya jiko, kati ya masufuria na umbea.

"Hawakukataza kuwa jikoni," anasema. "Wamekataza kazi."

"Na akinyanyuka kushika kabichi?" Agripina anauliza.

"Namkalisha tena. Nimetia saini."