Mama Hilda na Viazi Vilivyonyauka

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Soni nikiwa na buti mpya zilizonichubua miguu, na cheti nilichodhani kinatosha kubadilisha dunia. Afisa Kilimo wa Kata alinitazama, akacheka. "Bibi shamba, udongo utauzoea haraka. Watu ndio watakaokuchosha." Nikamwona mtu aliyekata tamaa tu. Ninyi vijana mnaoanza ugani leo, nawaambia alisema kweli tupu.

Baadaye nilipangiwa Malindi, ile ya huku milimani, si ya pwani, kwenye kikundi cha wakulima wa viazi mviringo. Msimu wa pili mashina yakaanza kunyauka yangali mabichi. Mwenyekiti, Mzee Shemweta, akaapa kwamba ni jicho la Mama Hilda, mjane mwanakikundi aliyekatiza shamba la mzee kila asubuhi akienda kuteka maji. "Akipita leo, kesho shina limelala!" Kikundi kikapanga kumtoa, na shamba la kikundi ndilo lililowalisha wanawe watatu.

Mimi na haraka zangu nikaitisha mkutano. Nikakata shina, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji, ute mweupe ukachuruzika kama maziwa. Hiyo ni dalili ya mnyauko bakteria, ugonjwa unaosafiri na mbegu na maji yanayotiririka. Kisha nikawaambia waache ujinga. Lo! Walinuna wote. Mzee Shemweta akauliza, "Na huo ugonjwa, nani kauleta?" Hata waliokuwa na shaka wakahamia upande wake.

Nilimpigia simu bosi wangu, yule afisa wa Soni, nikilia. "Umemwaibisha mzee mbele za watu, sasa atarudije nyuma?" akasema. "Tena hadanganyi. Siku mama alipopita na shina likanyauka, anaikumbuka. Siku alizopita pakawa salama, nani azikumbuke? Mpe daftari."

Nikaenda kumwomba radhi mzee, nikampa daftari. Alama moja kila mama akipita, nyingine kila shina likinyauka, na mahali lilipo. Alikubali kwa furaha, akijua atanishinda. Mwezi mzima aliandika kwa uaminifu, maana alikuwa mzee wa kanisa, na uongo ulimkera.

Siku ya kikao alisimama kusoma, akasita, akavua kofia. Mashina mengi yalinyauka wiki ile Mama Hilda alipokuwa Tanga kwa mdogo wake aliyejifungua, tena yalifuatana kushuka na mfereji, kuanzia pale mzee alipopanda mbegu aliyoinunua mwenyewe. "Mama, nisamehe," akasema. "Nilikuwa naona nilichotaka kuona." Mama Hilda akaangua kicheko huku machozi yakimtoka. Abaki kwenye kikundi, wakasema wote. Furaha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Msimu uliofuata, ili kumaliza maneno, Mzee Shemweta alimwomba aweke kiazi cha kwanza shambani kwake. Mbegu safi, mfereji mpya, viazi vikazaa ajabu! Basi kijiji kizima kikatangaza kwamba mkono wa Mama Hilda una baraka. Watu wakapanga foleni mlangoni kwake. Nikafungua kinywa nieleze habari za mbegu safi, mama mwenyewe akanivuta pembeni. "Bibi shamba mwanangu, hili liache kwanza."

Nikaliacha. Sasa nimestaafu, nina kashamba kangu Magamba. Mwaka wa kwanza nilichagua mbegu safi, nikapima nafasi, nikachimba mifereji, yote kitaalamu kabisa. Halafu, nacheka ninapoandika haya, nikampigia simu Mama Hilda aje aniwekee kiazi cha kwanza.