Mahudhurio ya Jumamosi ya Kwanza

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, dada yangu aliniamuru nisimamishe cherehani. Mimi ni fundi nguo, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapokuja na haraka zao na lawama zao, lakini Dada hakuwa na habari nao. Alifuta meza, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa miwani, akafungua daftari lake la mahudhurio na kuanza kuwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, watu aliomaliza nao chuo miaka thelathini na sita iliyopita.

"Namba moja."

"Nipo, Monita."

"Namba mbili."

"Nipo, ila goti ndilo halipo."

Hapo anaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha mwezi huo na kusonga mbele. Kazi hiyo ilimchukua mpaka adhuhuri. Tulikuwa tukiishi wawili tu, tangu ndoa yangu ilipovunjika na watoto wake walipokwenda kwenye nyumba zao, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea.

Walikuwa ishirini na wanane, wanafunzi wa maabara za hospitali. Mkufunzi wao hakuwa na subira na majina. Aliwapa namba siku ya kwanza, nao wakazeeka nazo. Dada alikuwa namba kumi na nne, na ndiye aliyekuwa monita wa darasa. Watu wengine huvua umonita siku ya mahafali. Dada aliondoka na daftari kwapani, na hakuna aliyemwambia alirudishe. Zamani waliandikiana barua, kisha zikaja simu. Karatasi za lile daftari zilipoisha alishona nyingine, na kwa kuwa mwenye sindano ndani ya nyumba ni mimi, nilizishona mimi, huku nikinung'unika.

Waliofariki hakuwafuta. Alipiga mstari mwembamba mwekundu chini ya namba, na siku ya mahudhurio aliiita vilevile kwa sauti, akanyamaza kiasi cha pumzi moja, ndipo akaendelea. Mara ya kwanza nilipomsikia akiwaita marehemu sebuleni kwangu nilimwambia atatuletea balaa. Akanitazama kwa jicho lile la kushoto analolifinya nusu hata kwenye picha, kwa sababu ya kuinamia hadubini maisha yake yote.

"Alisajiliwa," alisema. "Nitamruka vipi?"

Na ikifika zamu yake mwenyewe! "Kumi na nne," anasema. "Nipo," anajijibu, na kujiwekea vema. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwuliza, akikosa kujiitikia, ataanzia wapi kujitafuta? Hakucheka. Alisema nirudi kwenye vifungo vyangu.

Nieleze na habari ya namba tisa na namba kumi, maana safari yetu ilitokana nao. Walikaa benchi moja. Tisa alikuwa mtu wa kuchelewa. Hata kwenye harusi yake, bibi harusi alifika kwanza akamngoja. Mahudhurio tu ndiyo aliyokimbilia, akiingia anahema, kwa sababu pale alikuwa na kazi mbili: kujiitikia na kumwitikia mwenzake. Kumi alipenda usingizi kuliko cheti. Akiitwa, Tisa anajibu bila hata kuinua kichwa: "Yupo. Ananawa mikono." Mkufunzi aliyewahubiria kunawa mikono asubuhi na jioni angesema nini? Namba kumi akanawa mikono miaka miwili mfululizo.

Hadi siku mkufunzi alipokwenda mwenyewe kwenye masinki. Kumi alikutwa bwenini, shuka mpaka kichwani. Adhabu ilimwangukia Dada, kwa kuwa vema zile ziliandikwa kwa kalamu yake: kuosha vioo vyote vya hadubini vya idara nzima kwa mwezi mmoja, kioo kwa kioo. Tisa hakuomba radhi. Alikuja kila jioni, akakunja mikono ya shati, akaosha naye. Kumi alikuja siku moja, akavunja vioo vitatu, wakamfukuza. Tangu mwezi huo Dada hakumwekea vema mtu ambaye hakumsikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kumi alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Tisa alichelewa hata mazishi. Alifika udongo umeshasawazishwa, akasimama pale peke yake mpaka Dada alipomshika mkono na kumpeleka kwenye gari.

Nilimwona dada yangu akichoka. Kuchoka kwa kazi nakujua, hupona kwa kulala. Huku kulikuwa kwingine. Alistaafu, na badala ya kupumzika akapata muda zaidi wa kuhangaika na namba zake. Mwaka mmoja alipiga mistari minne myekundu, na kila mstari ulikuwa safari, msiba, na miguu iliyovimba aliporudi. Jicho la kulia likaota mtoto wa jicho. Sauti ikaanza kukatika kabla hajafika namba ishirini. Ndipo, miaka miwili iliyopita, alipokubali kwa shingo upande waitikie kwa ujumbe kwenye kundi lao la simu. Yeye anaandika "Mahudhurio", wao wanaandika "Nipo", naye anaita namba zote mwenyewe mezani na kuweka vema. Cherehani bado nilitakiwa kuisimamisha, eti kwa heshima.

Mwishoni aliwaandikia kwamba amechoka na anamtafuta wa kumwachia daftari. Simu ililia kutwa nzima. "Usituache, Monita." "Bila wewe tutapotea." Vikaragosi vya machozi vikamiminika. Aliyesema "nipe mimi" hakuwepo. Namba ishirini alikuwa na wajukuu, namba tatu alikuwa na presha, namba mbili alikuwa na lile goti lake. Wote walitaka kuitwa, wa kuita akakosekana. Niliwatukana mmoja mmoja kwa namba zao, kimoyomoyo, huku nikikaza uzi.

"Basi nitalifunga," Dada aliniambia. "Lakini siwezi kulifunga na uongo ndani."

"Uongo gani tena?"

Alinionyesha simu. Namba tisa, mtu ambaye hakuwahi kuwahi kitu maishani, kwa miezi kumi na minne alikuwa akiandika "Nipo" saa tatu kamili, tena na nukta mwishoni. Dada alikuwa amempigia mara tatu. Mara zote alipokea mkewe: ametoka kidogo, yuko bafuni, amelala.

"Nataka kumsikia," Dada alisema. "Nikimsikia, nafunga. Kama ni mstari mwekundu, nipige mstari, nifunge."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Jumamosi ya kwanza, siku ya wateja, nimekaa ndani ya basi kwa saa nne nzima, daftari likiwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani pangu kwa sababu Dada alihofia kulisahau. Nilinuna njia nzima. Yeye alilala mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyozeeka.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, geti la bati, kibarazani jozi moja tu ya viatu vya kiume, vimepigwa rangi, soli hazina hata chembe ya udongo. Mke wa namba tisa, mwalimu mstaafu, alifungua mlango na mikono ina povu la sabuni. Alipomwona Dada hakushangaa.

"Karibu, wifi," alisema. "Nilijua ipo siku utakuja mwenyewe."

Tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono magotini. Alitutazama kama mtu anavyotazama wapita njia. Dada alimsalimia kwa namba yake, akamsalimia kwa jina, akamshika bega. Hakujibu. Kwa mazoea Dada alimshusha kope kutazama kama ana upungufu wa damu, naye akamwachia tu, kama mtoto kwa mamaye.

"Hasemi," mkewe alieleza. "Alianza kusahau njia, halafu majina, halafu akaacha kuzungumza. Huu mwezi wa kumi na tano."

"Na zile 'Nipo'?"

"Nilikuwa naandika mimi."

Namjua dada yangu akikasirika: hapazi sauti, anaipunguza. "Wifi, mwaka mzima na zaidi umeniwekesha vema za uongo. Ungeniambia ningekuja. Tungekuja wote."

Yule mama alifuta povu kwa khanga, taratibu, kidole kwa kidole. "Daktari aliniuliza kama anakumbuka. Watoto wakaniuliza kama anawatambua. Majirani wanauliza kama anakula. Wewe peke yako, wifi, kila mwezi uliuliza kama yupo. Mimi nikageuka, nikamtazama, yupo pale kwenye kiti. Nikajibu. Kuna uongo gani hapo?"

Dada alivuta kiti cha pili. Akaketi, akaniashiria nimpe mfuko. Nilifikiri tutaaga. Lakini aliomba maji akanawa mikono, akavaa miwani, akaliweka daftari kwenye meza ndogo mbele ya Tisa, na kuanza kuita kwa ile sauti yake iliyobaki. Wenzake walikuwa wamekwisha kuandika "Nipo" zao tukiwa njiani. Alizisoma kwenye simu, akaweka vema. Moja. Mbili. Nne akanyamazia pumzi moja. Nane.

"Namba tisa."

Alingoja. Sote tulingoja. Tisa alikuwa akitazama dirisha. Mkewe alikaza khanga mkononi, na niliona midomo yake ikitaka kumsaidia, ikajizuia. Dada alishusha kalamu bila kuandika kitu. Nilimhurumia, kwa kweli. Saa nne za basi na jicho moja, aondoke na kisanduku kitupu.

"Namba kumi," alisema, akanyamaza kwa ajili ya marehemu.

"Yupo," akasema Tisa. "Ananawa mikono."

Alisema waziwazi, kwa haraka kidogo, bila kugeuza kichwa kutoka dirishani. Mkewe akakaa sakafuni. Hakuwa ameisikia sauti ile kwa zaidi ya mwaka, na sasa ilikuwa imekuja kumtetea mtu aliyezikwa zamani.

Dada alirudisha kalamu kwenye mstari mwekundu. Huyu ndiye mtu aliyeosha vioo mwezi mzima kwa sababu ya jibu hilihili, na kuapa hatalipokea tena. Akaweka vema kwa namba kumi. Kisha akarudi juu, akaweka na kwa namba tisa. Huyo alikuwa amemsikia kwa masikio yake.

Alikuwa amepata alichokijia. Sasa angeweza kulifunga, na nilisubiri alifunge, nikawa tayari na mfuko. Akaendelea. Kumi na moja yupo. Kumi na mbili, pumzi moja. Kumi na tatu yupo.

"Kumi na nne."

Kalamu ilisimama. Nilidhani anatafuta mstari. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yakimtiririka chini ya miwani. Alijaribu mara mbili, "Nipo" ikakataa kutoka. Dada yangu, aliyewaita wenzake miaka yote bila kukosa mwezi, alikuwa amekaa mbele ya namba yake mwenyewe na hana wa kumwitikia.

"Yupo," nikasema. "Amechoka tu."

Alinitazama kwa lile jicho la kushoto. Nilidhani ataniambia nirudi kwenye vifungo vyangu. Akaweka vema. Halafu akavua miwani iliyokuwa imelowa, akanisogezea daftari na kalamu, akaegemea kiti na kufumba macho. Nikatafuta mstari kwa kidole.

"Kumi na tano," nikaita.