Salamu za Wakati wa Mvua

Kwetu Nyalukemba, hapa Bukavu, mvua ndiyo iliyokuwa gari la takataka. Wingu likianza kuwa jeusi juu ya ziwa, utawaona watu wanatoka mmoja mmoja na ndoo, na mabeseni, na mifuko iliyojazwa wiki nzima, wanasimama chini ya paa wakisubiri. Kumwaga mapema ni ujinga, maana maji bado hayana nguvu. Unangoja hadi kanivo, ule mfereji wa mawe unaoshuka kutoka juu ya kilima ukipita mbele ya milango yetu, uanze kunguruma. Hapo unakimbia, unamwaga, unarudi ndani. Mvua inabeba. Tulilisema neno hilo bila kufikiri, hata wale waliokuwa wametokwa jasho Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wakizoa tope la kanivo hiyo hiyo.

Mvua ilibeba kweli, lakini haikufika mbali. Chini kidogo ya nyumba yetu kanivo inakata kona, na kwenye kona hiyo kuna nyumba ya mbao ya mama mmoja kijana mwenye binti mdogo. Pale ndipo sashe zetu za plastiki, mabua ya sombe ya muhogo na kandambili zilizokatika zilipokwama. Maji yakikosa njia yalipanda ukingo na kuingia kwake bila hodi. Mume wake alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda, na tangu hapo hakuna habari. Ile nyumba waliijenga na kuipigilia misumari wakiwa wawili, na ndicho kitu pekee alichomwachia. Kila mvua ilipoanza, alimpandisha mtoto juu ya meza, akaweka unga wake wa maandazi juu ya kabati, akasimama mlangoni na ufagio kama mtu anayengoja mwizi. Mwisho wa masika yaliyopita aliniambia amechoka. Maji yakiingia tena, anambeba mtoto na kurudi kisiwani Idjwi kwa baba yake, kwenye nyumba iliyojaa kaka na wake zao. Aliyasema hayo huku akikamua blanketi, wala hakuwa analia. Mtu akisema jambo la namna hiyo bila kulia, ujue amekwisha kuliamua.

Wakati wa kiangazi hicho ndipo mama mkwe alipokuja kukaa kwetu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza huko kijijini Nyantende maisha yake yote, na macho yakaanza kumsumbua, mume wangu akasema asibaki peke yake. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko dirishani, na nilidhani nitapata mgeni wa kuzungumza naye nikishona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba dawa yenyewe ni chungu.

Siku za kwanza tulimenya ndizi pamoja. Nilikusanya maganda, nikayaweka kwenye ndoo karibu na mlango.

"Hii inangoya nani?" akauliza.

"Inangoya mvua, maman."

Alicheka akidhani ni utani. Kisha mvua ya kwanza ya Septemba ikaja, akaona kwa macho yake, hata kama macho yenyewe yalikuwa mabovu. Ilipokatika alishuka kwenda kwa mama kijana na sahani ya bati, wakatoa maji pamoja. Bahati nzuri siku hiyo yalikuwa machache, yaliishia mlangoni. Alirudi na kikwembe chake kimejaa tope hadi magotini, akanawa, akasali, akakaa mezani. Alingoja hadi nimemaliza kupakua.

"Maganda ya bitoke yetu nimeyakuta ku mulango ya ule mama," alisema. "Nimeyaokota na mikono yangu."

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilisimama pale pale nikataka kupanda juu kwa majirani, niwapashe mmoja mmoja, kwa sababu takataka zilizotoka kwetu zilikuwa kidogo na zao zilikuwa mlima. Mama mkwe hakunyanyua hata kichwa.

"Ukibatukana, batatupa na usiku," alisema. "Kaa, ukule."

Alianza na nyumba yetu. Wanawake wa Nyantende hupita kwenye njia yetu asubuhi, vitunga mgongoni na kamba kwenye paji la uso, wakileta lengalenga na kabichi mjini. Mchana hurudi na vitunga vitupu. Mimi niliwaona miaka yote nikawaza mboga tu. Yeye aliona vitunga vitupu. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na mwalimu wa darasa la kwanza hakataliwi kitu hata ukiwa na wajukuu. Wakaanza kubeba maganda yetu kwa ajili ya nguruwe zao, na mara kwa mara wakamletea vipande vya matete, akavipanda kwenye ukingo wa kanivo, akiinama kwa shida, akivishindilia udongo kwa kisigino.

Sokoni alikwenda na sufuria yake yenye mfuniko. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alimwangalia, akamwambia, "Maman, sashe iko ya bure."

"Kitu ya bure njo minaogopa," akamjibu, akafungua mfuniko.

Nyumbani akaniharibia hata jiko. Maharagi yalilowekwa tangu jana yake, yakachemka kidogo kwenye makala, ndiyo makaa yetu, kisha akayatoa na sufuria yake, akayaweka ndani ya kitunga na kuyafunika kwa blanketi kuukuu. Nilimuuliza kama maharagi yana malaria. Alilichomeka blanketi vizuri pembeni. Jioni alifunua, na maharagi yalikuwa laini kabisa, yanatoa mvuke. Mume wangu aliongeza sahani mara mbili, msaliti. Gunia letu la makala likaanza kudumu, na mimi nikaanza kunyamaza, jambo ambalo nyumbani kwetu lilizungumzwa sana.

Lakini hayo yote yalikuwa yetu. Kilima kizima bado kilikuwa juu yetu na ndoo zake.

Siku moja mchana mvua ikaanza kupiga bati. Mama mkwe alichukua mwavuli, akavaa raba zangu, akatoka. Nilimfuata na kumuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kusalimia watu. Nikajua sasa uzee umeingia. Akapanda taratibu hadi mahali ambapo watu hupenda kumwagia, akasimama kando ya kanivo.

Wa kwanza kutoka alikuwa papa mmoja, baba mwenye familia, mtu wa Mwenga, aliyewahi kuchimba dhahabu na sasa alikuwa na duka, mtu mkubwa mwenye sauti, beseni limejaa hadi pomoni. Mama mkwe alihamishia mwavuli begani, akamnyooshea mikono yote miwili.

Kwetu huwezi kuiacha mikono ya mama mzee ikining'inia hewani. Papa ilibidi aweke beseni chini.

"Jambo, papa. Habari ya nyumba?"

"Muzuri, maman."

"Batoto beko muzuri?"

"Beko muzuri."

"Na mama yabo?"

"Iko muzuri, maman."

"Na bale mulibaacha kule Mwenga? Babazazi bangali na nguvu?"

Alimshika mikono, hakumwachia. Akauliza mavuno ya huko, akauliza barabara, akauliza mtoto aliyekuwa na kikohozi. Mvua ilimpiga papa kichwani ikamtiririka puani. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya paa la jirani, karibu nao, nimefunga mdomo kwa kiganja.

"Maman," papa akasema mwishowe, kwa adabu zote, "mvua inanipiga."

"Na miye inanipiga, papa," akasema. "Na ule mutoto wa kule chini, yeye inamupigia ndani ya nyumba."

Hakuangalia beseni hata mara moja. Akamwachia mikono, akamwombea baraka kwa ajili ya familia, akageukia mama mwingine aliyekuwa anatoka na ndoo. "Jambo, maman. Habari ya nyumba?" Papa akalitazama beseni lake lililokuwa linajaa maji ya mvua, kisha akalinyanyua na kurudi nalo ndani.

Nilimpenda mama mkwe siku hiyo. Kabla yake nilimheshimu, kama inavyotakiwa, na heshima mtu anaweza kuitoa hata akiwa amenuna. Lakini kumwona pale amelowa, akitumia adabu yetu wenyewe kutufunga mikono, nilijikuta nataka kumkimbilia na kumkumbatia mbele ya watu wote.

Kila mvua ya mchana alitoka. Si wote waliomwelewa. Kuna mama mmoja alimbandika jina la polisi ya takataka, na wengine wawili watatu walisubiri arudi ndani ndipo wamwage. Mume wangu alihofia mapafu ya mama yake, wakagombana, mama akatoka hata hivyo. Lakini ni vigumu kumwaga uchafu mbele ya mtu aliyetoka kukuuliza kikohozi cha mwanao kimefikia wapi. Watu wakaanza kuona haya, kisha wakazoea, na mazoea yana tabu. Papa wa Mwenga ndiye aliyenishangaza. Alichimba shimo nyuma ya duka lake, refu, lenye kuta zilizonyooka sawasawa kama machimbo, akatangaza kwamba yeyote asiye na pa kupeleka maganda alete pale. Alituambia kwamba maisha yake yote amechimba ardhini kutoa kitu, na hii ni mara ya kwanza anachimba ili arudishe. Alijisifu kidogo, lakini alistahili. Kwenye salongo akadai tope lisirundikwe tena ukingoni mwa kanivo, mahali ambapo mvua ya kwanza hulirudisha ndani. Libebwe. Tulinung'unika, tukalibeba. Sashe zilibaki kuwa tatizo na zipo hadi leo, ila zilipungua kwa sababu sufuria zenye mfuniko ziliongezeka sokoni, na yule muuza sambaza aliacha kucheka.

Mama kijana wa kule chini alishughulika na biashara yake. Nilikuwa namwona akipita na deli lake la maandazi, anasalimia, anaendelea. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kamba tayari, nililiona karibu na mlango, na sikuthubutu kuuliza. Mvua ndogo zilipita bila kuingia kwake, lakini mvua ndogo hazimdanganyi mtu wa Bukavu. Sote tulikuwa tunangoja ile moja.

Ilikuja Novemba, saa nane mchana. Ng'ambo ya ziwa ilipotea kwanza, kisha ziwa lenyewe, kisha nyumba ya jirani. Cherehani ilizama katika kelele ya bati hata sikusikia sindano ilipovunjika. Mama mkwe alitaka kutoka na mwavuli, nikamshika mkono. Hakuna mtu angetoka katika mvua ile, hata mwenye takataka. Tukakaa dirishani tukitazama kanivo ikijaa, rangi ya chai ya maziwa, inapanda, inapanda. Matete yalilala, yakainuka, yakalala.

Ilipopungua kidogo hakungoja tena. Tulishuka pamoja, mimi na ndoo, yeye na sahani yake ya bati, ananiegemea begani, tunateleza. Njia nzima alikuwa anasali kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Nilitegea masikio. Siku zote ukifika kwenye ile kona wakati wa mvua unasikia ufagio, na mtoto akilia juu ya meza. Hatukusikia ufagio. Mlango ulikuwa umefungwa.

Tulibisha. Hakuna aliyejibu. Mama mkwe akabisha tena kwa sahani, kwa nguvu. Nilichofikiria sitakisema. Nilikuwa nimeanza kusukuma mlango kwa bega wakati komeo lilipotoka.

Mama kijana alisimama mbele yetu akifikicha macho, alama za mkeka zimechorwa shavuni. Nyuma yake sakafu ilikuwa kavu. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka.

"Munisamehe, maman," alisema. "Nilingoya maji. Nilingoya, nilingoya, haikukuya. Nikalala."

Mama mkwe alimtazama. Kisha akakaa palepale kwenye kizingiti, kikwembe kimelowa, sahani ya bati mapajani, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani na kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Mama kijana aliogopa, akaniuliza ni msiba gani. Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha sakafu yake kavu.

Ni mama mkwe aliyejikaza kwanza. Alijipangusa pua, akaushika mkono wa yule kijana na kuugeuza kuelekea ndani.

"Rudia kulala, binti yangu," alisema. "Mvua haiyaisha."