Pazia la Dirisha la Juu

Jumanne tulimzika yule mliyezoea kumwita fundi wa madishi. Simtaji jina, wengi wenu wa mtaa wetu wa Sparkhill, huku ughaibuni, mna dishi ukutani alilolifunga kwa kikombe cha chai na ahsante. Makaburini kila mtu alimsifu kwa dishi lake, nami nikakasirika, na hasira hazijanitoka. Yule alikuwa mhandisi wa mawasiliano. Alikuja hapa na shahada yake, akaishia kupakia masanduku ghalani, nasi tukaona hiyo ndiyo saizi yake.

Miaka michache iliyopita alitengeneza chombo cha kupeleka data kwa mwanga. Hakikuwa na waya. Taa iliwaka na kuzimika upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na upande wa pili lenzi ikaupokea mwanga ule, kompyuta ikausoma. Alikiweka kwenye dirisha la juu la ukumbi wa jumuiya yetu, kikatazamana na chumba kilicho juu ya duka la nguo, ng'ambo ya Stratford Road, alikoweka lenzi na kompyuta, ili hata mabasi ya ghorofa yasikate njia. Nilimwona akivusha filamu nzima kabla chai yangu haijapoa. Kampuni moja ikakubali kutuma watu waje kuona. Wakiridhika, wangemwajiri akiendeleze. Asubuhi ya siku hiyo aliniambia mimi, katibu wa jumuiya, "Sheikh wangu, dirisha la juu liachwe wazi mpaka saa nane. Tafadhali usiniangushe." Nikamwambia aondoe shaka.

Saa saba wakafika akina mama kuandaa maulidi. Mnajua kwetu, wakishapanda juu pazia hushushwa, wanaume wa ng'ambo wasichungulie. Mmoja akaniita, "Katibu, mbona leo mmetuanika dirishani?" Nilikumbuka vizuri nilichoombwa. Nikasema moyoni, vitaa vyake vitangoja. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha pazia. Kule ng'ambo, alikokaa na wageni wa kampuni, kompyuta ikanyamaza. Wageni wakasubiri, wakatazama saa zao, wakaaga kwa adabu. Yeye akawaambia chombo kimeharibika. Jioni tukamtania, "Vipi mhandisi, luku ya umeme imekwisha?" Nami nilicheka, tena kuliko wote.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitali, nimeazimia kumwambia ukweli. Hakuniacha nimalize.

"Nilikuona, bwana. Ulikuwa juu ya kiti."

"Sasa mbona hukunipigia simu?"

"Nilipiga mara tatu, hukupokea. Na wale wageni ningewaambia nini? Kwamba wenzangu ndio walionizimia?" Kisha akaniuliza kama dishi langu bado linashika.

Humu kwenye safu hii nimelalamika mara nyingi kwamba nchi hii inatuzibia njia. Inatuzibia, sifuti neno. Lakini siku ile watu wa nchi hii walikuja kwa miguu yao, wakakaa, wakangoja, na aliyeziba ni mimi. Basi mwenzenu akiwaomba jambo dogo kwa ajili ya kazi yake, mfanyieni, hata kama kazi yenyewe hamuielewi. Hitma yake tuliisomea ukumbini mle mle, pazia likiwa limeshushwa kama kawaida. Akina mama walipoondoka nilipanda juu, nikalifungua. Hakukuwa na mtu aliyelihitaji wazi.