Kipimo Kimoja cha Baruti

Jumamosi moja alasiri mume wangu, Baba Zuhura, alikata kipande cha mwanzi kisichozidi kidole changu kidogo. Tulikuwa shambani kwetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Msimbati, muhogo ukianikwa na korosho zikisubiri kuokotwa. Alikuwa akitafuta kipimo cha baruti ya gobore alilorithi kwa mjomba wake.

Gobore lenyewe lilikuwa jembamba. Fundi wa zamani alilitengeneza kwa bomba la usukani wa gari bovu, na kidole changu cha shahada hakikuingia mdomoni mwake. Shemeji yangu Ismaili, aliyekuwa na gobore nene la kupigia nguruwe, hakuacha kumchokoza.

“Kaka, hiyo pampu ya baiskeli. Bunduki ya ntoto hiyo.”

“Geuka nikupige nayo, halafu utaniambia ni ya nani,” mume wangu alimjibu.

Lakini bomba jembamba lina masharti yake. Baruti ikipungua, gololi zinaanguka hapo mbele yako, naye ngedere anaendelea kukutazama na muhogo wako mkononi. Ikizidi, bomba linapasuka usoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo Baba Zuhura alitandika shuka nyeupe mbele ya mdomo wa gobore, akapiga, nami nikainama kutafuta chembe za baruti zilizotoka bila kuungua. Nikizikuta nyingi, aliupunguza mwanzi kwa kisu, kidogo sana, kisha tukaanza upya. Alasiri tatu tulifanya hivyo. Shuka ilikuwa yangu ya harusi, ikaungua matundu, nikamnunia. Aliniahidi nyingine na hakuwahi kuinunua. Siku ya tatu niliikuta shuka haina chembe hata moja, nikainua kichwa nikamwambia, “Hapo hapo, Baba Zuhura.” Alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile nakikumbuka kuliko harusi yenyewe.

Tangu hapo kumimina ikawa kazi yangu, kwa sababu macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Kipimo kimoja kwa ngedere, kimoja kwa kanga. Ismaili akikutana na nguruwe aliongeza kwa kukisia. Mume wangu hakuongeza kwa mnyama yeyote. Na kila nilipokwisha kumimina na kushindilia usumba wa nazi, alichukua mdeki, kile chuma cha kushindilia, akautumbukiza, akapapasa kwa kidole gumba alama aliyoichora juu yake. Alama ikilingana na mdomo wa bomba, kipimo ni sawa.

“Huniamini?” nilimuuliza zaidi ya mara moja.

“Nakuamini. Nakagua tu.”

Ilikuwa ikiniudhi. Leo ningelipa chochote niudhike hivyo tena.

Asubuhi iliyovunja maisha yetu tulikuwa tunaokota korosho. Watu walianza kupita wakitokea njia ya mtoni, na mafurushi kichwani, hawasalimii. Kwetu mtu hapiti bila salamu. Mwanamke mmoja ndiye aliyesimama. Alisema wavamizi wenye silaha wamevuka Ruvuma na wanachoma nyumba katika kijiji cha jirani.

Wanaume sita wenye magobore wakakubaliana kubaki njiani ili sisi wengine tupate muda wa kufika barabara kubwa. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Ismaili pia.

“Nipimie, Mama Zuhura.”

Nilichukua kibuyu cha baruti.

“Kipimo kilekile,” akasema.

Nilimimina kimoja. Kisha nikafikiria: kile ni kipimo cha ngedere, na wanaokuja ni watu wenye bunduki za kivita. Yeye alikuwa anafunga viatu.

Nikamimina cha pili.

Nilishindilia usumba, nikatia gololi, nikampa. Nilimwona anautazama mdeki. Hakuugusa. Alisema, “Leo hakuna muda wa kukukagua,” akatabasamu, akanishika bega.

Nilipaswa kusema. Sikusema.

Tulikimbia, mimi na Zuhura, na ndoo moja ya muhogo mkavu.

Milio ilianza nyuma yetu, ya bunduki zao, ya harakaharaka. Kisha magobore, moja moja.

Kisha mshindo ambao sikuwahi kuusikia shambani kwetu.

Nilisimama. Zuhura akanivuta.

Ismaili alimbeba kaka yake mgongoni mpaka barabarani, gari likamfikisha hospitali mjini. Mkono wa kulia haukuwepo, na shingoni kilikuwa kimeingia kipande cha chuma. Alikuwa na fahamu. Nilikaa pembeni ya kitanda, sijui nianzie wapi, akanitangulia.

“Ulitia viwili.”

“Ndiyo.”

“Ningemimina mimi,” akasema, “ningetia vitatu.”

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi akaniomba nitoke nje. Mume wangu alifariki siku ya pili adhuhuri, tukamzika Mikindani, ambako sasa naishi kwa Zuhura.

Wapo wanaonifariji kwamba wavamizi waligeuka kwa kuogopa mshindo ule, na kwamba ndio uliotuokoa. Ningependa iwe hivyo. Ismaili, aliyekuwa hatua kumi kutoka pale, anasema walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kabla. Namshukuru kwa kutonidanganya, ingawa ziko siku namchukia kwa hilo.

Hali ilipotulia, mtendaji wa kijiji alikuja Mikindani kuandika majina ya waliouawa na wavamizi. La mume wangu lilikuwa la tatu. Alinigeuzia karatasi nihakikishe.

“Yameandikwa sawasawa, mama?”

Nililisoma mara mbili.

“Sawasawa,” nikamwambia.